MATUMIZI SALAMA YA DAWA ZA SARATANI YA FIGO ZINAZOMEZWA NYUMBANI

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa watumishi wa umma na wakazi wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Yanachapishwa katika ukurasa huu wa matangazo kwa manufaa ya watumishi na wananchi wa Unguja na Pemba, ambao nao hupewa dawa za saratani mbali na makwao na kwenda kuzimeza nyumbani.)



Kwa miaka mingi dawa ya saratani ilikuwa ni kitu cha hospitali. Ilitundikwa juu ya kitanda, ikaingia mwilini kwa mshipa mbele ya macho ya muuguzi, na mgonjwa akidhurika alikuwa tayari mikononi mwa wanaojua la kufanya. Dawa zinazoelezwa hapa si za namna hiyo. Ni vidonge. Mgonjwa hupewa pakiti za kumtosha wiki kadhaa, akapanda basi Mwanza, akapita Magu na Lamadi, akafika Bariadi jioni. Kuanzia hapo walinzi wa tiba ni yeye mwenyewe, mkewe au mumewe, mwanawe anayemsomea maandishi ya pakiti, na mganga wa zahanati ya jirani ambaye pengine hajapata kuiona dawa hiyo. Vidonge hivi vina nguvu kama dawa za kutundikwa, ila havina muuguzi.

Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, nao una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bariadi, lakini kwa tiba ya saratani wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyoanza kazi mwaka 1971, na ikibidi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa wa Pemba naye hutoka Chake Chake au Mkoani, hupitia Mnazi Mmoja, kisha huvuka bahari hadi hiyo hiyo Ocean Road. Mmoja hupanda basi na mwingine boti, lakini wote wawili humeza dawa wakiwa mbali na daktari aliyeiandika.

Saratani ya figo inayowapata watu wazima wengi huanzia katika vijifereji vya figo. Katika seli nyingi za ugonjwa huo jeni iitwayo VHL huwa imeharibika, na matokeo yake uvimbe hutoa ishara mfululizo za kuita mishipa mipya ya damu ije kuulisha. Sunitinibu, ambayo kwa jina la biashara ni Sutent, na pazopanibu, ambayo ni Votrient, huzuia ishara hiyo isipokelewe. Uvimbe hukosa chakula, hudumaa, na mara nyingine husinyaa. Ndiyo sababu zikaitwa dawa za kulenga.

Hata hivyo, neno hilo la kulenga limewapotosha wengi, wakadhani kuwa dawa hugusa uvimbe peke yake na kuuacha mwili salama. Sivyo. Mishipa ya damu imeenea mwili mzima, na ishara ile ile inayozuiwa kwenye uvimbe ina kazi yake katika moyo, figo, tezi ya shingo, na hata katika kidonda kinachotaka kufunga. Asiyelielewa jambo hili hawezi kuelewa kwa nini mgonjwa wa figo anaambiwa apimwe shinikizo la damu kila mara.

Ni haki pia mgonjwa aelezwe mapema dawa inaweza nini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 750 ambao saratani ilikuwa imekwisha kusambaa, waliomeza sunitinibu walikaa takriban miezi 11 kabla ugonjwa haujaendelea, ilhali waliochomwa sindano za intaferoni walikaa miezi 5. Mwaka 2013 utafiti mwingine, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,100, ulionyesha kuwa pazopanibu haipitwi na sunitinibu katika kuuzuia ugonjwa. Katika nchi tajiri siku hizi vidonge vya jamii hii huchanganywa na dawa za kuamsha kinga ya mwili. Pale zisipopatikana, kidonge peke yake bado ni tiba yenye maana. Kwa kawaida hakiondoi saratani iliyosambaa, bali huichelewesha, na huichelewesha pale tu kinapomezwa sawasawa.

Kumeza sawasawa si jambo dogo, kwa kuwa kila dawa ina amri yake. Sunitinibu kwa desturi humezwa mara moja kwa siku kwa wiki nne, kisha mgonjwa hupumzika wiki mbili, na inaweza kumezwa kabla au baada ya chakula. Pazopanibu humezwa kila siku bila mapumziko, tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula. Chakula huongeza kiasi cha pazopanibu kinachoingia katika damu takriban mara mbili, na kwa ini ziada hiyo ni hatari. Hapa inafaa kusemwa wazi kuwa uji ni chakula, maziwa ni chakula, na michembe inayotafunwa wakati wa kusubiri ugali iive nayo ni chakula. Wapo pia wagonjwa wa saratani ya damu wanaotumia imatinibu, iitwayo Glivec, dawa ya ukoo huo huo ambayo Watanzania wengi wameipata bila malipo kupitia mpango wa msaada. Hiyo amri yake ni kinyume: humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Kwa hiyo jirani mwenye saratani nyingine, hata akiwa na nia njema kiasi gani, si mwalimu wa kufuatwa.

Kidonge cha pazopanibu humezwa kizima. Hakipondwi, hakitafunwi wala hakivunjwi, na kapsuli ya sunitinibu haifunguliwi. Aliyesahau dozi na akakumbuka kabla ya saa 12 kupita anaweza kuimeza. Zikipita zaidi ya hapo aiache, asubiri ya siku inayofuata, na asimeze mbili kwa pamoja. Akitapika baada ya kumeza, asirudie. Wiki mbili za mapumziko ya sunitinibu nazo zina mtego wake. Mgonjwa hujisikia nafuu, hamu ya chakula hurudi, na wengine huziongeza ziwe tatu au nne, ama hudhani dawa imekwisha kabisa. Kalenda ya ukutani yenye alama ya kila siku iliyomezwa na kila siku ya kupumzika imewasaidia watu wengi kuliko kumbukumbu ya kichwani.

Shinikizo la damu huweza kupanda ndani ya wiki za mwanzo, tena bila dalili yoyote. Linapaswa kupimwa na kutulizwa kabla dawa haijaanza, lipimwe tena ndani ya wiki ya kwanza, na kuendelea kupimwa mara kwa mara. Kazi hii haihitaji safari ya Mwanza. Zahanati yenye mashine ya kupimia inatosha, mradi namba ziandikwe kwenye daftari ambalo daktari atalisoma siku ya kliniki. Likifika 140 kwa 90 au kuzidi, kliniki iarifiwe, nayo ndiyo itakayochagua dawa ya kulishusha, kwani baadhi ya dawa za shinikizo hugongana na vidonge hivi. Lakini maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona ukungu, kuchanganyikiwa au kifafa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, hayo hayasubiri siku ya kliniki. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na pakiti ya dawa ichukuliwe pamoja naye.

Ini nalo lina hesabu yake. Kwa anayetumia pazopanibu, damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha wiki ya 3, ya 5, ya 7 na ya 9, na baadaye kwa vipindi. Wapo waliofariki kwa ini kuharibika. Vipimo hivyo ndivyo vinavyorukwa kwanza nauli inapokosekana, jambo ambalo si ajabu lakini ni la hatari. Inafaa daktari wa Bugando au Ocean Road aulizwe tangu siku ya kwanza kama damu inaweza kupimwa katika hospitali ya mkoa na majibu yakatumwa, badala ya mgonjwa kusafirishwa kila wiki ya pili. Kuna jambo jingine linalowatisha watu bure: sunitinibu ina rangi ya manjano, na inaweza kuipaka ngozi rangi hiyo. Dawa zote mbili pia huweza kuzigeuza nywele kuwa nyeupe. Hayo si ugonjwa. Pa kutazama ni weupe wa macho. Ukigeuka manjano, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au tumbo likauma upande wa kulia chini ya mbavu, dawa isimamishwe na kliniki ipigiwe simu siku hiyo.

Linalofuata linawahusu zaidi wauzaji wa maduka ya dawa, na wanaombwa walisome mara mbili. Mgonjwa wa saratani ya figo mara nyingi amekwisha kuondolewa figo moja. Anapokuja na maumivu ya mgongo, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kama pipi, zinaweza kuiumiza figo iliyobaki na kuongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Anayelalamikia kiungulia akapewa omeprazoli hupoteza sehemu ya pazopanibu yake, kwa kuwa dawa hiyo inahitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini. Ketokonazoli ya kutibu fangasi huongeza kiasi cha sunitinibu mwilini kwa takriban nusu, na erithromisini huelekea huko huko. Rifampisini, iliyomo katika dawa za kifua kikuu, hufanya kinyume: huweza kupunguza sunitinibu kwa karibu nusu. Tunda la balungi pia huongeza nguvu ya dawa hizi na haliliwi muda wote wa tiba. Baadhi ya dawa za VVU nazo zimo katika orodha hii. Isieleweke vibaya hata kidogo: hakuna anayeambiwa aache dawa za kifua kikuu au za VVU. Anaambiwa azitaje zote, kila mahali, ili madaktari wazipange pamoja.

Malaria inahitaji maneno yake peke yake, kwa sababu ya mazingira ya Simiyu. Homa kwa mtu wa kawaida Bariadi huanza kufikiriwa kuwa ni malaria. Kwa mtu anayemeza sunitinibu homa inaweza kuwa malaria, na inaweza kuwa chembe nyeupe za damu zimeshuka na maambukizi yameingia mwilini. Mambo hayo mawili yanaweza hata kuwepo pamoja. Kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria kifanyike, na hata kikionyesha ugonjwa, picha kamili ya damu ichukuliwe pia. Dawa ya mseto na kwinini zinaweza kugusa mwenendo wa mapigo ya moyo zikikutana na vidonge hivi. Hiyo si sababu ya kumnyima mgonjwa tiba ya malaria, ambayo huua haraka kuliko saratani, bali ni sababu ya mganga kujua kila kitu kilichomo mwilini mwa mgonjwa kabla ya kuandika dawa.

Kadhalika mkojo wenye damu. Katika vijiji vya malambo na majaruba ya mpunga, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Unguja na Pemba, damu katika mkojo imezoeleka kuitwa kichocho, na mara nyingi ni kweli. Lakini damu hiyo pia ni dalili ya saratani ya figo na ya kibofu, na kwa mtu aliye katika tiba inaweza kuwa dawa yenyewe inavujisha damu. Kumpa dawa ya kichocho na kumrudisha nyumbani bila kipimo ni kubahatisha. Choo cheusi kama lami, kukohoa damu, na damu ya pua isiyokatika vihesabiwe katika fungu hilo.

Wilaya za Simiyu ni za pamba, na pamba ni kazi ya mikono. Sunitinibu huweza kufanya viganja na nyayo ziwe nyekundu, ziwake moto, zichubuke na kutoa malengelenge. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kushika jembe siku nzima, na makapi makavu ya pamba humchoma vidole. Haufai kuitwa uvivu. Ngozi ipakwe mafuta mazito tangu siku ya kwanza, maji ya moto yaepukwe, viatu viwe laini na visivyobana, na kunyunyizia viuatilifu kuachiwe wengine. Ngozi ikichubuka, kliniki ipewe taarifa, kwani daktari anaweza kupunguza dozi au kuisimamisha kwa muda. Kupunguziwa dozi na daktari si kushindwa tiba. Kujipunguzia mwenyewe ili pakiti ya mwezi mmoja ifike miwili ni jambo jingine kabisa, nalo linafanyika kwa sababu dawa ni ghali na watu wanaona aibu kusema fedha zimekwisha. Daktari aliyeambiwa ukweli huo ana njia za kutafuta. Asipoambiwa ataona ugonjwa umeendelea, na atadhani dawa imeshindwa.

Uchovu una maelezo yake pia. Tezi ya shingo huweza kulegea kwa dawa hizi, hasa sunitinibu, na mgonjwa akawa anahisi baridi, anafunga choo na kusinzia mchana. Kuna kipimo cha damu cha jambo hilo na kuna kidonge cha kulitibu. Kuhara kwatibiwa kwa maji ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na vidonda vya mdomo kwa kusukutua maji ya chumvi na kuacha pilipili. Mwanamke asishike mimba akiwa katika tiba wala wiki kadhaa baada ya kuiacha, na mwanamume naye atumie kinga. Asinyonyeshe.

Upasuaji wowote, hata wa kung'oa jino, hutanguliwa na taarifa kwa kliniki ya saratani. Vidonda huchelewa kufunga, na taya lenyewe linaweza kudhurika. Daktari huamua dawa iachwe siku ngapi kabla na irudiwe lini.

Kuhusu mitishamba, wananchi hawaambiwi wadharau elimu ya wazee wao. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wa Kanda ya Ziwa, walisafiri hadi Samunge, Loliondo, ng'ambo ya mbuga ya Serengeti, kunywa kikombe kwa shilingi 500, na iliripotiwa kuwa baadhi yao waliacha dawa za hospitali wakiamini wamekwisha kupona. Funzo la tukio lile kwa mgonjwa wa saratani ni la namna mbili. Kuacha dawa humpa uvimbe nafasi. Kuchanganya dawa na mizizi isiyojulikana hulipa ini mizigo miwili, na likiumia hakuna atakayejua ni mzigo upi uliolivunja. Anayetumia mitishamba amwambie daktari bila kuogopa kukaripiwa, na daktari naye asimkaripie, kwani mgonjwa aliyekaripiwa safari ijayo hunyamaza.

Nyumbani dawa ikae katika pakiti yake, mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na joto la bati, juu ya kimo cha mtoto. Mjamzito asishike vidonge vilivyovunjika. Ifahamike pia kuwa watoto wana saratani yao ya figo, iitwayo uvimbe wa Wilms, ambayo tiba yake ni nyingine na mara nyingi huponya. Vidonge vya mtu mzima havimhusu mtoto kwa vyovyote.

Wakuu wa idara wanakumbushwa kuwa siku ya kliniki ya mtumishi mgonjwa hupangwa kwa hesabu ya wiki za dawa, na kuisogeza kwa sababu ya kikao ni kuisogeza dawa yenyewe. Ruhusa itolewe kwa barua mapema. Mtumishi anayehamishwa au kutumwa safari apewe nafasi ya kuchukua dawa za kumtosha na barua ya daktari yenye jina la dawa, kipimo chake, tarehe ya kuanza, dawa nyingine anazotumia, na namba ya simu ya kliniki. Nakala moja ikae katika mfuko wa mgonjwa, nyingine kwa mtu wa nyumbani, na ya tatu katika zahanati anayoitumia. Madhara yanayoshukiwa yaandikwe na mganga au mfamasia na kupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kwa upande wa Bara, na kwa Wakala wa Chakula na Dawa kwa upande wa Zanzibar.

Vidonge vinavyobaki, iwe mgonjwa amebadilishiwa dawa au amefariki, virudishwe katika famasi ya hospitali vilikotoka. Havitupwi chooni, haviuzwi, wala hapewi mgonjwa mwingine.